TAHADHARI: Fundi wa "shimo la kunyonya" kwenye viwanja vyenye maji ya juu

Majirani wa Boko na Basihaya hapa Dar es Salaam, na ninyi wa Mikocheni na Msasani ambao mkichimba kidogo tu mnakutana na maji: kuna fundi anazunguka akiuza shimo la kunyonya maji ya mvua. Ana maneno matamu, simu imejaa picha za kazi, na anapenda kuja Januari na Februari. Si bure.

Kiangazi maji ya ardhini yameshuka. Anachimba futi kumi, anamwaga pipa la maji mbele yako, yanapotea, anajaza mawe, unalipa. Masika ikikolea, maji ya ardhini yanapanda na shimo linajaa kutokea chini, kabla gata haijamwaga kitu. Mama mmoja mtaani kwetu alipompigia kulalamika, aliambiwa aongeze shimo la pili. La pili!

Hesabu yenyewe inakataa. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 linashusha lita 6,000. Shimo la duara la upana wa mita 1 na kina cha mita 3 linabeba lita 2,350 hivi likiwa tupu. Ukishalijaza mawe, nafasi inayobaki ni ndogo mno. Shimo la kunyonya linafaa pale ambapo kitako chake kinabaki walau mita 1 juu ya maji ya ardhini, na kipimo ni cha masika, si cha kiangazi.

Sasa ameanza kuuza na tenki la plastiki la kufukia. Hili ndilo baya zaidi. Likiwa tupu huku maji yamepanda, linasukumwa juu, linapasua sakafu na kung'oa mabomba.

Kabla hujatoa advansi, mwulize jirani mwenye kisima maji yake hufika wapi mwezi wa Aprili. Kama ni karibu na juu, hela hiyo ipeleke kwenye gata, tenki la juu ya ardhi, kifusi kinachoteremkia nje na mtaro wa wazi mpaka mfereji wa barabara (si uani kwa jirani, tafadhali). Maji ya mvua usiyaelekeze kabisa kwenye shimo la choo, litafurika.

Na mwambie fundi nusu ya malipo ataichukua Juni, mvua zikishapita. Huyu wetu alipoambiwa hivyo, ghafla akawa na kazi ya haraka Kibaha.