Muhula mmoja Lille: mzazi naeleza nilichokiona

Nauza vitambaa Biashara Street, na binti yangu wa pili anasomea shahada ya biashara katika shule moja ya hapa Nairobi. Muhula wa Septemba wa mwaka wake wa tatu alikwenda Lille, kaskazini mwa Ufaransa, kupitia programu ya shule yake ya kubadilishana wanafunzi. Wakati ule nilitafuta mzazi aliyepitia jambo hili anieleze, sikumpata. Jina la shule silitaji kwa sababu mtoto bado yuko pale, lakini mengine yote nitayasema.

Nianze na pesa, maana kila aliyeingia dukani aliniuliza hilo kwanza. Karo ya kule hailipwi. Unalipa ya hapa kama kawaida, na mwanafunzi wao anayekuja kwetu analipa kwao. Ndiyo sababu shule hizi hujali sana idadi ya wanaokwenda na wanaokuja ilingane. Tiketi, viza, bima, chumba na chakula ni juu ya mzazi. Kwa viza ya masomo ya Ufaransa tulitakiwa kuonyesha uwezo wa euro 615 kwa mwezi. Jueni mapema kwamba hizo hazikutosha: chumba peke yake kilikuwa 430, nami nikawa natuma 800.

Chumba ndicho kilichotutoa jasho. Mwenye nyumba kule anataka mdhamini, na mdhamini mwenyewe awe mtu wa kule mwenye mshahara wa kule. Mimi wa South B ningemtoa wapi? Hapo nikaijua thamani ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Afisa aliyeshughulikia safari hii alitueleza kuhusu Visale, dhamana ya nyumba inayotolewa bure Ufaransa, ambayo hata kijana mgeni mwenye viza ya masomo anaweza kuiomba mradi hajazidi miaka 30. Alikaa na binti yangu mbele ya kompyuta, wakajaza hatua kwa hatua mpaka wakamaliza. Kabla ya hapo tulikuwa tumepata chumba kingine mtandaoni, picha nzuri, bei nzuri, nami nikampigia afisa huyo simu jioni nikiwa tayari kutuma pesa. "Mama, usitume bado," akaniambia, "niache niwaulize wenzetu wa kule kama mtu huyu wanamfahamu." Hawakumfahamu, na tangazo lenyewe likatoweka baada ya siku mbili. Simu ile moja iliniokolea zaidi ya shilingi 60,000. Nampa shukrani zangu zote.

Mtoto alipofika alipokelewa stesheni na mwanafunzi mwenyeji aliyepangiwa na shule ya kule. Baridi aliizoea. Mimi nilichelewa kuzoea saa: tulizungumza saa tatu usiku yangu, saa mbili yake, kisha wikendi ya mwisho ya Oktoba wenzetu wakarudisha saa nyuma, tofauti ikawa saa mbili.

Sasa nije kwenye alama, na hapa shule ilituangusha.

Kabla ya kuondoka mwanafunzi hujaza mkataba wa masomo: atasoma nini kule, na kila somo litahesabiwa badala ya lipi hapa. Hutiwa saini na watu watatu: yeye, shule yake na shule inayompokea. Wetu ulikuwa safi. Lakini alipofika, somo la ugavi lilikuwa limejaa, akapewa jingine linalokaribiana. Kubadilisha wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, ila mabadiliko yanahitaji saini zilezile tatu. Aliandikia idara yake mara mbili, hakujibiwa. Aliporudi akaambiwa somo hilo halitambuliki. Tena wakaongeza kwamba lilifundishwa saa 24 tu darasani, na hapa somo ni saa 45.

Nilikaa nikajielimisha. Ulaya wanahesabu kwa krediti: muhula mzima ni 30, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ikiwemo kusoma nyumbani, kuandika kazi na kujiandaa kwa mtihani. Somo la krediti 5 basi ni saa 125 au zaidi. Hapa tunahesabu muda aliosimama mwalimu, kule wanahesabu muda aliofanya kazi mwanafunzi. Idara inayopeleka watoto Ulaya kila mwaka haifai kufundishwa hilo na muuza vitambaa.

Halafu somo la fedha. Alipata 13 juu ya 20. Kule 10 ndiyo kupita, na 16 huipata wachache. Matokeo yake yalionyesha wazi kwamba alikuwa wa 5 kati ya wanafunzi 41. Idara ikachukua 13, ikazidisha kwa 5, ikaandika 65. B. Nililia, sioni aibu kusema, kwa sababu niliona mtoto alivyokesha. Tukaandika barua, afisa yule akaisindikiza na maelezo ya jinsi Wafaransa wanavyotoa alama, na baada ya miezi minne ikarekebishwa kuwa A. Ugavi haukuokolewa. Somo hilo analirudia muhula huu, na nimelilipia.

Januari tulimkaribisha kwetu msichana wa Kifaransa kwa wiki mbili kwa sababu hosteli aliyoahidiwa haikuwa tayari. Alijifunza kusonga ugali na mdogo wa binti yangu, na hadi leo ananiita Mama. Shule haikutuuliza hata tulitumia nini, ila sijutii.

Ningempeleka tena? Ndiyo. Alirudi anajua kusimama mbele ya watu na kutetea hesabu zake, jambo ambalo mwanzo lilimtoa machozi. Ofisi ya kimataifa ningeipa nyota tano, idara ya masomo mbili. Anayejiandaa kwa Septemba aiulize idara, kwa maandishi na kabla ya kukata tiketi, alama za kule zitageuzwaje na nani atatia saini somo likibadilika. Mdogo wake ameshaniuliza kuhusu kwenda, na barua hiyo tumeshaipeleka.