The Maltese Falcon: mdomo mwingi, risasi za kuhesabu

Kama umezoea steringi anayeingia kwa kupiga mlango teke, The Maltese Falcon itakuchanganya. Nimeitazama wiki hii, ile ya mwaka 1941 ya John Huston, na naipa nyota tano, ila mtu ajue anachokifuata. Magari hayakimbizani. Sam Spade, mpelelezi binafsi wa San Francisco anayechezwa na Humphrey Bogart, hatembei na bastola. Anazoshika ni za kuwapokonya wengine. Silaha yake ni mdomo.

Watu wanaisaka sanamu ya kipanga mweusi, inayodaiwa kuwa ya dhahabu na vito chini ya ile rangi, na karibu kila anayezungumza anadanganya. Brigid (Mary Astor) analeta kesi kwa jina moja, baadaye ana jingine, na bado la tatu linakuja. Spade anamwambia wazi kwamba yeye na mbia wake hawakuiamini hadithi yake, walichoamini ni zile dola 200 alizowalipa.

Kilichoniteka ni pale hotelini kwa Gutman, mmoja wa wanaoisaka sanamu. Spade anapandwa na hasira, anavunja glasi, anafoka, anatoa masharti, anaondoka kwa kishindo. Akifika koridoni anatabasamu. Kumbe ilikuwa geresha tupu! Halafu anautazama mkono wake: unatetemeka. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena. Jamaa alikuwa anaigiza na roho juu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetueleza kwa maneno.

Gutman ni Sydney Greenstreet, mzee wa jukwaani ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu. Kamera inamchukua kutoka chini, tumbo linajaza skrini, naye anacheka huku anakupima.

Kasoro zipo. Wanaongea kwa kasi mno. Ukitegemea maandishi ya chini, nusu yatakupita, na madijei wetu wa kutafsiri hapa wangekosa pa kupumulia. Iva, mjane wa mbia wa Spade, anaingia na kutoka tu, hapewi nafasi.

Riwaya yenyewe, ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930, nilikuwa nimeshaisoma. Hammett aliwahi kufanya kazi ya upelelezi kampuni ya Pinkerton, na inaonekana. Huston kahamisha majibizano mengi karibu neno kwa neno, lakini kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu yote. Noti ya dola 1,000 inapopotea, kitabuni Spade anamvua Brigid nguo ili ampekue. Kwenye filamu Gutman anabanwa kidogo, anakiri, basi. Spade wa kitabuni ana roho ngumu zaidi, na hapo filamu imepungukiwa.

Ukikuta nakala iliyotiwa rangi, achana nayo, vivuli vyote vinaharibika. Na usisome muhtasari kabla. Mimi muuaji wa mbia wa Spade nilikuwa namjua, na bado Spade alipoanza kutaja sababu zake moja baada ya nyingine, nilikaa wima.