Weather Spark: tovuti ya kulinganisha tabianchi, ikijaribiwa kwa Lima na Darwin

Lima ya Peru na Darwin ya Australia zimetenganishwa na Bahari ya Pasifiki nzima, lakini zote ziko nyuzi 12 na ushei kusini mwa ikweta. Viwanja vyao vya ndege viko mita thelathini na kitu juu ya usawa wa bahari. Siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ina mwanga wa saa 12 na dakika 50 hivi huku na kule. Iliyo fupi kuliko zote, mwezi Juni, ina saa 11 na dakika 25 hivi. Kwa kutazama ramani tu, mtu angedhani ni mapacha. Darwin hunyeshewa milimita 1,700 na zaidi kwa mwaka. Lima haifikishi 20.

Jozi ngumu kama hii ndiyo inayofaa kuipima Weather Spark, tovuti inayoweka miji miwili au zaidi kwenye grafu moja. Kwa kazi hiyo ni nzuri kwelikweli, na inaeleza mengi kuliko herufi za Köppen, mfumo wa kugawa tabianchi za dunia kwa makundi, ambazo wengi huanzia. Köppen huiita Lima BWh, jangwa la joto, kundi moja na Khartoum. Lakini Agosti ya Lima ni mawingu yaliyolala juu ya jiji kutwa nzima, na kipimajoto hucheza kati ya nyuzi 15 na 19 za Selsiasi. Herufi tatu haziwezi kumwambia msafiri abebe sweta. Grafu inamwambia.

Matumizi yake hayana ugumu. Badili vipimo viwe vya metriki, fungua ukurasa wa jiji la kwanza, kisha ongeza la pili kwenye sehemu ya kulinganisha. Ukiamua kufungua kurasa mbili kando kando, soma kwanza namba za pembeni ya kila grafu, maana mstari uliopanda juu upande mmoja si lazima uwe mkubwa kuliko uliolala upande wa pili. Kwenye ukurasa wa jiji mojamoja, mstari wa joto ni wastani, utepe uliokoza unashika nusu ya katikati ya siku zote, na uliopauka unashika asilimia 80. Upana wa utepe ndio wa kuangalia ukitaka kujua kama wastani unaaminika.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ya fukuto, na hapa tovuti imefanya uamuzi sahihi: haitumii asilimia ya unyevu, inatumia kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande huanza kutunga. Tofauti si ndogo. Unyevu wa Lima hupita asilimia 80 mara kwa mara, hata wakati wa baridi, na anayesoma asilimia peke yake ataogopa jasho. Hewa ya nyuzi 16 yenye unyevu wa asilimia 85 ina kiwango cha umande cha nyuzi 13 au 14 tu, kwa hiyo mtu anahisi ubaridi wa majimaji, hatoki jasho. Darwin mwezi Januari kiwango hicho hukaa nyuzi 24 au 25, jasho halikauki mwilini, na shati hulowa kabla ya saa mbili asubuhi. Tovuti huhesabu fukuto kuanzia nyuzi 18, na ukiiweka mistari ya miji hii pamoja, unaona kwamba hata Februari ya Lima, ambayo ina fukuto lake, haifikii ya Darwin.

Sasa mvua, na hapa msomaji awe macho. Joto na kiwango cha umande hutokana na vipimo vya vituo vya viwanja vya ndege. Mvua, mawingu, upepo na nguvu ya jua hazitoki huko. Zinatoka MERRA-2, modeli ya NASA inayoijenga upya hali ya hewa ya dunia saa kwa saa kwenye gridi ya kilomita 50. Tovuti yenyewe inakiri kwamba gridi hiyo haioni tofauti ndogondogo za mahali na kwamba hupata taabu kwenye baadhi ya pwani. Hilo linaigusa Lima moja kwa moja. Maji baridi ya mkondo wa bahari wa Humboldt, unaopita pwani ya Peru, hupoza hewa ya chini, hewa yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na mawingu hunaswa hapo chini bila nguvu ya kupanda na kuleta mvua. Chosica, kama kilomita 40 tu kuelekea milimani, iko juu ya mfuniko huo, na watu wa Lima huenda huko kuota jua wakati wa baridi. Kipande kimoja cha gridi kinaweza kubeba bahari, jiji na miinuko ya Andes kwa pamoja. Grafu ya mawingu na mvua ya Lima ichukuliwe kama makadirio.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Siku ya mvua kwa hesabu yao ni ile iliyopata angalau milimita 1. Garúa, yale manyunyu ya Lima yanayolowesha vioo vya magari kuanzia Juni hadi Oktoba, mara nyingi hayafiki kiasi hicho, basi jedwali linasema hakuna mvua huku barabara zikiteleza. Tena, kiasi cha mvua kinachoonyeshwa kwa tarehe fulani ni jumla ya siku 31 zinazoizunguka tarehe hiyo. Ukiona namba kubwa mwezi Januari kwa Darwin, usidhani imenyesha yote siku moja.

Kwa sura ya nchi, tovuti inatoa maelezo ya miinuko ndani ya kilomita 3, 16 na 80. Yanatosha. Kwa Lima, mduara wa kilomita 80 hupanda kupita mita 4,000. Kwa Darwin ardhi hubaki karibu tambarare.

Kasoro kubwa kwa anayetaka kuhamia au kujenga ni kipindi cha takwimu, 1980 hadi 2016. Kimbunga Tracy kiliipiga Darwin usiku wa kuamkia Krismasi ya 1974, na kipimo cha upepo uwanjani kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla hakijavunjika. Hakimo. Mwezi Machi 2017 bahari ya Peru ilipata joto lisilo la kawaida, mito ikafurika na Lima ikakosa maji ya bomba kwa siku kadhaa. Hayamo pia. Hata yangekuwamo, wastani wa upepo wa saa nzima kwa urefu wa mita 10 ungeimeza dhoruba ya usiku mmoja.

Alama ya ufukweni, ambayo tovuti huipa kila sehemu ya mwaka kuonyesha inavyofaa kwa kwenda pwani, nayo isitegemewe. Inapendelea anga safi, ukavu na joto la nyuzi 24 hadi 32, kwa hiyo kiangazi cha Darwin, Mei hadi Septemba, hung'ara. Alama hiyo haijui kwamba baharini kuna mamba wa maji chumvi mwaka mzima, na konyeza wenye sumu kali hasa Oktoba hadi Mei.

Ukishapata picha ya jumla, chukua mvua ya Darwin kutoka Bureau of Meteorology, idara ya hali ya hewa ya Australia, na ya Lima kutoka SENAMHI, ile ya Peru, ukihakikisha miaka inayolinganishwa ni ileile pande zote mbili. Mwenye chombo cha baharini aongeze jedwali la maji kupwa na kujaa, maana tovuti hii haina: Lima maji hupanda na kushuka kama mita moja, Darwin wakati wa bamvua hukaribia mita 8, na mashua iliyoachwa ikielea asubuhi hukutwa mchana imekaa kwenye tope.