Mshipi wa flai gani ununue kwanza: nimeipanga kuanzia wa kwanza mpaka wa kuachana nao

Watu wakianza uvuvi wa flai pesa yote inaishia kwa rodi na rili, mshipi unanunuliwa na chenji iliyobaki, na hapo ndo shida inaanzia. Ukivua na chubwi, lile chubwi ndilo linavuta uzi mpaka mbali. Flai haina uzito, ni manyoya na nyuzi zimefungwa kwa ndoana, kinachoruka ni mshipi wenyewe na flai inafuata tu nyuma. Kwa hivyo rodi ya bei ya kawaida yenye mshipi mzuri itarusha vizuri kuliko rodi ya bei kali yenye mshipi wa takataka, na kama pesa ni kidogo punguza kwa rili, hasa kama ni trauti unawinda, yule samaki wa maji baridi, manake kwa trauti wa mtoni rili mara nyingi ni pa kuhifadhia mshipi tu.

Kabla ya kupanga, soma boksi. Utakuta kitu kama WF5F. WF ni mshipi ambao unene na uzito umewekwa upande wa mbele alafu nyuma ni mwembamba, DT ni ule unaochongoka ncha zote mbili na katikati una unene mmoja. Namba ndo uzito, na herufi ya mwisho F ni unaelea, S unazama, I unashuka polepole na kukaa chini kidogo ya uso wa maji. Hiyo namba inapimwa kwa futi 30 za mwanzo: namba 5 ni greini 140, yaani gramu 9 hivi, namba 8 ni greini 210, karibu gramu 14. Ifanane na namba iliyoandikwa kwenye rodi karibu na mpini. Ila siku hizi makampuni mengi yanaongeza uzito kimyakimya ili rodi ngumu za kisasa zipinde, unauziwa 5 kumbe kwa mizani ni 6, so tafuta greini zimeandikwa wapi kabla ya kulipa.

Sasa kitu ambacho kinawaponza watu wa huku kuliko vyote: joto la maji. Mshipi una uzi wa ndani na ganda la plastiki juu yake. Ule wa maji baridi ndani una nailoni iliyosukwa na ganda lake ni laini, ule wa tropiki ndani mara nyingi ni uzi mmoja mgumu na ganda gumu. Peleka wa baridi Watamu kule pwani saa saba mchana, unalegea kama tambi iliyoiva, unanata kwenye pete za rodi na hauendi popote. Peleka wa tropiki kwenye mito ya Mlima Kenya asubuhi, unatoka kwenye rili umejikunja vilevile ulivyokuwa umezungushwa na unakataa kunyooka. Kwa nchi ambayo unaweza kutoka kwenye maji ya barafu mpaka bahari ya nyuzi 28 bila kuvuka mpaka, hili swali linakuja kabla ya chapa na kabla ya bei. Na review nyingi unazosoma mtandaoni zimeandikwa na watu wa Marekani na Uingereza wanaovua kwenye baridi, wakisema mshipi fulani ni mlaini ajabu, kwako wewe wa pwani hiyo ni sababu ya kuukimbia.

Haya, namba moja kwangu ni WF5F ya maji baridi. Trauti si wa asili huku Kenya, waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 wakawekwa mto Gura kule Aberdare, na mpaka leo ukitaka flai ya bei nafuu bila boti ni hao, Gura yenyewe, Ragati, Thiba, Naro Moru. Namba 5 inatosha kwa mto na inatosha pia ukipanda kwenye maziwa ya mlimani kama Rutundu ambako upepo unapiga na namba 3 ingekurudia usoni. Chukua rangi unayoiona vizuri, kijani mpauko au machungwa, samaki anaogopa kivuli chako na lida nene (ule uzi unaounganisha mshipi na flai) kuliko rangi ya mshipi.

Namba mbili WF8F ya tropiki, au 9 kama upepo wa kusi unakutisha. Huu ndo wa kutembea kwenye maji ya kina kifupi pwani maji yakijaa, kolekole wadogo, mzia, na ndo huohuo unaupeleka Rufiji kwa taigafishi, ila hapo ongeza waya mbele ya flai manake meno yake hayana mchezo na nailoni. Kama wewe ni mtu wa Mombasa au Dar na hupandi mlima, basi huu ndo namba moja yako, usibishane na mimi. Hakikisha boksi imeandikwa tropiki au maji chumvi ya joto, neno maji chumvi peke yake halitoshi, kuna mishipi ya maji chumvi iliyotengenezwa kwa bahari za baridi.

Namba tatu DT4F, na hapa najua wengi wataniona wa kizamani. Hauendi mbali kama WF, lakini kwenye vijito vyembamba vilivyofunikwa na miti nani anarusha mbali? Unatua polepole, na ncha moja ikichakaa unaugeuza unaanza na ya upande wa pili, yaani umenunua mishipi miwili kwa bei ya mmoja. Kwa mtu anayengoja mjomba arudi na mzigo kutoka London hiyo si jambo dogo.

Baada ya hapo ni I ya tropiki, namba 9 au 10, nzuri ukiwa kwenye boti karibu na mwamba na upepo unavuruga mshipi unaoelea, lakini ni wa kununua baadaye, si wa kwanza, manake kuuinua kutoka majini kabla ya kurusha tena ni kazi kwa mgeni. Wa kuzama kabisa ni wa maziwa yenye kina na mito mikubwa, nunua siku ukijua kwa nini unauhitaji. Na kama ndoto yako ni sulisuli kwa flai, hiyo ni vifaa vya namba 12, uliza kapteni kwanza kama anavyo.

Mwisho kabisa, wa kuachana nao, ni ule unaokuja bure kwenye seti ya bei rahisi bila jina wala greini. Ganda linapasuka mapema na hakuna anayejua ni baridi au tropiki. Mishipi ya juu ya kampuni kama Rio, Scientific Anglers au Airflo inafika dola 100 na kupita, lakini haohao wana ya daraja la chini kwa karibu nusu ya hiyo na inavua vizuri tu, huna haja ya ile ya juu.

Matunzo sasa. Adui mkubwa ni mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya mbu, hasa yenye DEET, hiyo inayeyusha plastiki kabisa, so jipake kwa mgongo wa mkono alafu unawe viganja. Usiache rili kwenye gari juani. Usikanyage mshipi kwenye boti, vua viatu. Ukitoka baharini suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, rili pia. Uchafu ndo unafanya mshipi unaoelea uanze kuzama ncha, watu wanadhani umekufa wanatupa, kumbe ni kuuosha: beseni la maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya mche isiyo kali, pitisha kwenye kitambaa laini, suuza, kausha. Sabuni kali ya kuondoa mafuta kwenye sufuria hapana, inanyonya ulaini wa ganda. Ukiona umejisokota, toa flai, uachie mshipi uburutwe na mkondo au nyuma ya boti, utajifungua wenyewe. Kabla ya kuanza unyooshe kwa mikono taratibu, wa tropiki hasa.

Nyufa ndogo karibu na ncha, kata kipande na ufunge lida upya. Zikifika katikati ya ile sehemu nene, maji yameshaingia ndani, hapo tafuta mwingine na huu wa zamani uweke wa kufundishia watoto kurusha kwenye nyasi.