Hati ya Ukabaila Kutoka Vienna: Tathmini ya Mnunuzi

Hati niliyonunua kwa muuzaji wa nyaraka za kale ni ya miaka ya 1870, na kwa hati hiyo Kaizari Franz Joseph alimpandisha afisa mmoja wa serikali hadi daraja la Ritter, mojawapo ya madaraja ya ukabaila, yaani vyeo vya heshima vya kurithiwa, lililo juu ya daraja la Edler na chini ya lile la Freiherr (baroni). Afisa huyo alikuwa amepata Nishani ya Taji la Chuma ya daraja la tatu, ambayo hadi mwaka 1884 ilimpa mwenye nayo haki ya kuomba cheo hicho.

Ni kitabu cha kurasa chache za ngozi, kilichofungwa kwa mahameli nyekundu. Ukurasa wa kwanza umejaa vyeo vya kaizari mwenyewe: Kaizari wa Austria, Mfalme wa Hungary, wa Bohemia, wa Galicia, hata Mfalme wa Yerusalemu, mji ambao hakuutawala kamwe. Jina la mtunukiwa limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na mwishoni ipo saini ya kaizari. Kwa haki lazima niseme kwamba urembo wa pembeni umechapwa, haukuchorwa kwa mkono, na anayetazamia kazi ya mchoraji katika kila ukurasa atavunjika moyo.

Nembo ya ukoo, hata hivyo, imechorwa kwa rangi ambazo hazijafifia, na ndiyo niliyoichunguza kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Juu ya ngao zipo kofia mbili za chuma zenye mataji, kama ilivyompasa Ritter wa Austria. Ingekuwa kofia moja, ningeshuku kwamba ukurasa huo umetolewa katika hati nyingine. Namsihi kila mnunuzi ahesabu kofia kabla ya kulipa.

Muhuri wa nta umo ndani ya kasha la shaba lililopakwa dhahabu, nao unaning'inia kwa kamba nene ya nyuzi za dhahabu. Hapa ndipo nina lawama. Muuzaji aliniandikia kwamba muhuri ni mzima, lakini nilikuta ufa unaokatiza nta, tena kasha hilo zito lilisafirishwa likiwa limelazwa juu ya jalada bila kitambaa chochote katikati, likaacha alama kwenye mahameli iliyodumu takriban miaka 150 bila doa. Nilirudishiwa sehemu ya fedha, ila alama haifutiki.

Pamoja na hayo, ningeinunua tena. Jengo la Mahakama mjini Vienna lilipoungua Julai 1927, kumbukumbu nyingi za serikali zilizohifadhiwa humo, zikiwemo za ukabaila, ziliharibika, na kwa hiyo nakala iliyobaki mikononi mwa familia huweza kuwa na maelezo yasiyopatikana tena kwingine. Ndiyo maana inaniuma kuona wauzaji wakiikata nembo ili waiuze peke yake ndani ya fremu.

Anayenunua akitumaini kupata cheo ajue kwamba Austria ilifuta ukabaila kwa sheria ya Aprili 1919, na hati haimpi mwenye nayo haki yoyote. Yangu sasa imelazwa bapa sandukuni, muhuri ukiwa kwenye kitanda chake cha pamba, mbali na jua.