TrainingPeaks kwa anayekimbia na kuendesha baiskeli: usitegemee jumla peke yake

Anayechanganya mbio na baiskeli huwa na swali moja lisilokwisha: baiskeli ya jana imemwachia nguvu kiasi gani za kukimbia leo? TrainingPeaks, programu ya kufuatilia mazoezi, hulijibu kwa alama za TSS (Training Stress Score, yaani mzigo wa zoezi), kipimo kilichobuniwa na Andrew Coggan. Saa moja ya kujikamua kwenye kizingiti chako, yaani ukali wa juu unaoweza kuuhimili kwa takriban saa nzima, ni alama 100. Kwa jumla ya alama hizo za michezo yote miwili, programu huchora chati ya mistari mitatu: uwezo uliojengeka (wastani wa siku 42), uchovu (siku 7) na tofauti kati ya hiyo miwili.

Kwa upande wa moyo na pumzi, hesabu hii inasaidia kweli. Kwa upande wa miguu, inapotosha. Kwenye pedali msuli husukuma huku ukijifupisha, na uzito wa mwili umebebwa na kiti. Ukikimbia, kila unapotua msuli wa paja hunyooshwa huku umekaza, na hapo ndipo unapoumia, hasa kwenye mteremko. Tuseme uwezo wako ni 60, na mbio zinachangia 15 tu. Ukiegesha baiskeli ukaanza kukimbia alama 60 kila siku, mstari utatulia tuli kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mfupa wa muundi hautakubaliana nao.

Dawa imo humo humo, ila imejificha. Fungua dashibodi kwenye kompyuta, ongeza chati ya pili ya aina ile ile, kisha uchague mbio pekee. Hiyo ndiyo ya kuangalia unapoongeza kilomita. Ile ya jumla itazame unapopanga siku za kupumzika.

Kosa linaloharibu zaidi ni kizingiti kilichopitwa na wakati. Saa moja ya wati 200 kwa mtu mwenye kizingiti cha 240 ni alama 69. Akiwa ameacha 220 ya zamani kwenye mipangilio, programu itampa 83, kwa kuwa kanuni hutumia kizingiti mara mbili, na kosa nalo huingia mara mbili. Pima upya baada ya kila awamu ya mazoezi: kwa wati za baiskeli, endesha dakika 20 kwa nguvu zote, kisha zidisha wastani wa wati kwa 0.95; kwa mapigo ya moyo, jikamue dakika 30 peke yako, kisha chukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Mapigo yapimwe kwa kila mchezo, siku tofauti, na yaingizwe kila moja mahali pake. Kwa wengi, ya mbio huwa juu kuliko ya baiskeli. Ukitumia namba moja kote, upande mmoja utaandikiwa alama za uongo.

Bila kipima nguvu, yaani kifaa cha kupima wati kwenye baiskeli, alama za baiskeli hutokana na mapigo. Kwa safari ndefu tulivu inatosha. Kwa vipande vya kasi vya sekunde 30, moyo unachelewa kupanda, kwa hiyo zoezi linaonekana jepesi kuliko lilivyokuwa.

Chati hii ipo kwenye akaunti ya kulipia. Mwenye mazoezi matatu kwa wiki asijisumbue, daftari linamtosha. Kuanzia matano au sita, michezo yote miwili ikiwemo, pesa haipotei.