Miwani ya VR ya kumnunulia anayeanza: shika rula kabla ya pochi

Malalamiko mnayoniandikia kuhusu VR, miwani inayokuingiza kwenye dunia ya kompyuta, yamekuwa ya aina moja: "Dada, nimemvalisha mama VR, hata hajafika popote kaivua, anasema dunia inazunguka." Kila mtu anasingizia umri wa mama. Mimi nauliza lenzi ziliwekwa namba ngapi. Kimya.

Mambo ya prosesa na hifadhi someni kwenye boksi. Wauzaji wasichokitaja ni umbali wa mboni hadi mboni, ule unaoandikwa IPD kwenye mipangilio. Lenzi zisipokaa sawa na mboni, picha inaingia ukungu, macho yanachoka, na mtu ambaye bado hajui ageukie wapi humo ndani anaona mjinga ni yeye. Mpime hivi: aangalie mbali, weka sifuri ya rula katikati ya mboni moja, soma milimita katikati ya mboni ya pili. Basi.

Namba moja ni Meta Quest 3, na ndiyo, naipendelea waziwazi. Chini yake kuna gurudumu dogo. Ukilizungusha, lenzi zinasogea kidogo kidogo na namba inatokea mbele ya macho. Bibi akivua, mjukuu anavaa na kuweka yake palepale (awe ametimiza miaka 10, ndivyo Meta wanavyotaka). Ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na bei hiyo inauma. Ila picha unairusha kwenye simu au TV, unaona mama amekwama ukutani, unamwambia "geuka kulia, nyuma yako kuna mlango".

Kama PS5, mashine ya michezo ya Sony, ipo nyumbani, PlayStation VR2 inafuata kwa karibu. Kamera za ndani zinatazama macho na kukuonyesha kama lenzi zimekaa sawa, na TV inaonyesha anachokiona mvaaji. Kasoro yake ni waya unaoiunganisha na PS5. Mgeni akizunguka mara mbili keshajifunga miguu.

Quest 3S, ndugu ya Quest 3 ya bei nafuu, ndiyo kila mtu anaisifu, dola 299 ilipotoka 2024. Lenzi zake unazisukuma kwa mkono na zina vituo vitatu tu: 58, 63 na 68. Mwenye 65 na nusu akae wapi? Quest 2 ya 2020 ilikuwa na vituo hivyohivyo, jamani!

Vile visanduku vya VR vya kupachika simu vinajua kichwa kimegeuka, havijui umesogea. Ukiinama kuchungulia, dunia nzima inakufuata. Pita.

Yoyote utakayochukua, mkalishe kwanza kwenye kiti, kisha kwenye mipangilio ya mchezo chagua kuruka kutoka pointi hadi pointi na kugeuka kwa hatua. Kuteleza kwa kijiti cha rimoti ya mkononi ndiko kunakoleta kichefuchefu.

Sasa wauzaji. Kisanduku cha plastiki chenye mkanda kinabandikwa "VR 4K". Hiyo 4K, yaani picha kali sana, iko wapi, ilhali kioo ni cha simu yangu mwenyewe? Ukiomba kujaribu ile ya maana, unaambiwa ukifungua umenunua. Viatu vya elfu ishirini mnatuacha tuvijaribu, tena na kioo mnatuletea. Kifaa cha zaidi ya milioni moja tukinunue kwa kutazama picha ya boksi?